Njia ya Butega: Kutoka Msitu wa Walikale hadi Ziwa Kivu

Ukitoka Njingala, huko Walikale mashariki mwa Kongo, kando ya barabara inayokwenda Kisangani, njia ya miguu inaingia msituni kuelekea Bisie. Tangu kasiterite, yaani mawe yenye bati, ilipogunduliwa huko yapata mwaka 2002, njia hiyo ilijaa wapagazi. Mtu alibeba gunia la mawe la kilo 50, akavuka vijito na matope kwa siku mbili hivi mpaka barabarani. Kutoka hapo mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako kipande cha barabara kilitumika kama uwanja wa ndege, na ndege ndogo zikaupeleka Goma. Habari za Bisie zilizoenea duniani zilikuwa za gunia lile: nani alilichimba, nani alilitoza kodi kwa bunduki, nani alilinunua. Mimi nimevutwa na kamba iliyolifunga.

Kamba ni ya zamani kuliko mgodi. Muda mrefu kabla ya mtu yeyote kulipia jiwe la Bisie, watu wa misitu hii ya Kivu ya Kaskazini na Kusini walichuma nyuzi, wakazisuka kuwa pambo, na pambo hilo likawa fedha iliyopokelewa mpaka ng'ambo ya Ziwa Kivu. Liliitwa butega. Lilipanda kutoka msituni, likavuka milima ya Mitumba, likashuka ziwani, likapakiwa kwenye mitumbwi, na kule lilikofika lilirudisha mbuzi na ng'ombe.

Swali lililonitia kwenye njia hiyo ni la kifundi. Masisi, upande wa mashariki wa Walikale, ni nchi ya malisho, nchi ya baridi, na ina kondoo. Je, haiwezi kufuma mazulia yake kwa sufu ya kondoo wake, kama wafanyavyo watu wa nyanda nyingine za juu duniani? Nilipolifuatilia swali hilo niligundua kwamba mafundi wa eneo hili walikwisha kulijibu zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa namna ambayo msanifu wa leo anapaswa kuisoma kwa makini.

Pambo lililokuwa fedha

Butega zilikuwa vikuku vya miguuni vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea. Waliojulikana zaidi kwa kuvitengeneza ni Watembo, wanaokaa kwenye miteremko ya magharibi ya Mitumba, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Kalehe, Masisi na Walikale: Bunyakiri, Ziralo, Ufamandu. Kwao msitu ulikuwa mlangoni, na malisho ya nyanda za juu hayakuwa mbali kuelekea mashariki. Walisokota nyuzi nyembamba, wakazisuka kuwa duara jepesi, wakavifunga vikuku mafungu kwa mafungu tayari kwa safari.

Kutoka hapo kazi ilikuwa ya wafanyabiashara. Wahavu wa ukingo wa magharibi wa ziwa, na hasa watu wa kisiwa cha Ijwi, walivichukua, wakavivusha kwa mitumbwi hadi Kinyaga na sehemu nyingine za Rwanda. Huko wanawake walioolewa walivivaa kwa wingi, kimoja juu ya kingine, kuanzia kifundo cha mguu kwenda juu. Mwanahistoria David Newbury, aliyefanya utafiti wake Ijwi katika miaka ya 1970 na kuchapisha makala juu ya biashara ya Ziwa Kivu mwaka 1980, alionyesha kwamba vikuku hivi vilikuwa zaidi ya urembo. Vilihesabiwa, vilihifadhiwa, vililipia mifugo na vyakula. Mtu wa Kinyaga aliweza kupata butega ziwani, akazipeleka ndani ya Rwanda, akarudi na mnyama.

Inafaa kujiuliza kwa nini kitu kidogo namna hii kilikubalika kama fedha. Kikuku ni chepesi: mtu mmoja hubeba thamani kubwa kwa safari ya siku nyingi milimani bila kuchoka. Huhesabika, kwa kuwa kila kimoja hufanana na mwenzake. Hakiozi haraka kama ndizi wala hakihitaji malisho kama mbuzi. Na kwa vile huvaliwa, huchakaa, hivyo wanunuzi hawakuacha kukihitaji. Zaidi ya yote, hakikuweza kutengenezwa popote. Nyuzi zilikuwa msituni, na ustadi ulikuwa mikononi mwa watu wa msituni. Mfalme wa Rwanda, Kigeli wa Nne Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, alikuwa na majeshi yaliyovuka ziwa mara kwa mara na aliitawala Ijwi kwa muda. Lakini pambo lililojaa miguuni mwa wanawake wa nchi yake liliendelea kusukwa na watu wasiokuwa chini ya ufalme wake.

Nchi ya nyuzi

Ukishuka kutoka Mitumba kuelekea Walikale, hewa inabadilika. Masisi iko juu, sehemu nyingi zikipita mita 1,600. Mji wa Walikale uko chini sana kuliko hapo, na msitu unaanza kuutawala upeo wote wa macho. Mito inatiririkia upande wa Lowa, na Lowa inapeleka maji yake Lualaba. Wilaya ya Walikale ina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 23,000, karibu mara tano ya Masisi, na watu wake wa asili, Wanyanga, Wakumu, Wakano, Walega na wengine, wameishi kwa kulima ndizi, kutega wanyama, kuvua samaki na kuchuma.

Mtego ni kamba. Nyavu za kuwindia ni kamba. Daraja la zamani juu ya mto wa msituni lilikuwa kekele (mitambaazi ya msituni) zilizofumwa, zikaning'inizwa kutoka mti hadi mti. Kapu la samaki, mkeka wa kulalia, mkanda wa kubebea mzigo kwenye paji la uso, vyote vinatokana na maarifa yaleyale: kujua mmea upi una uzi, uchumwe lini, ukaushwe vipi, na usokotwe kwa mkono gani. Nguo ya kale ilikuwa gome la mti lililolowekwa na kupondwa kwa nyundo mpaka likalainika na kupanuka.

Mmea unaostahili kutazamwa kwa karibu ni mwale, mti wa rafia. Fundi huchagua jani changa ambalo bado halijafunguka, lililosimama katikati ya mti kama mkuki. Hulikata, akavitenganisha vijani vyake, kisha kwa ncha ya kisu akaanzisha mkato kwenye kila kijani na kuichuna ngozi yake ya juu. Ngozi hiyo nyembamba, yenye rangi ya njano iliyopauka, ndiyo uzi. Huanikwa juani, na inapokauka hujikunja kingo zake. Baada ya hapo hupasuliwa kwa kucha au kwa kitana mpaka upana unaotakiwa, na mafundi wengine huisugua mikononi ili iwe laini. Uzi wa mwale usiounganishwa hauwezi kuwa mrefu kuliko kijani ulikotoka. Ndiyo sababu nguo za mwale za Kongo, tangu Kasai hadi mashariki, zimefumwa vipande vidogo na kushonwa pamoja. Mmea wenyewe ndio unaoweka kipimo cha kwanza cha usanifu.

Wanyanga nao walikuwa na fedha yao ya nyuzi za mwale, iliyoitwa butea. Ilitumika katika mahari pamoja na mbuzi, na ilihesabiwa kuwa mali ya ukoo. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck aliiandika katika utafiti wake wa miaka ya 1950. Huyo ndiye aliyeshirikiana na msomi wa Kinyanga Kahombo Mateene kuchapisha mwaka 1969 utenzi wa Mwindo, kama ulivyosimuliwa, kuimbwa na kuchezwa kwa siku kumi na mbili mwaka 1956 na Shekarisi Candi Rureke. Katika kisa hicho kuna jambo ambalo mtu wa nchi ya nyuzi hawezi kulipita. Mwindo anapotaka kushuka kuzimu kumfuata babake aliyemkimbia, anamwachia shangazi yake Iyangura ncha ya kamba. Kamba ikitikisika, yu hai; ikitulia, amekufa. Anauvuta mmea kutoka ardhini na kuingilia kwenye tundu lake, na katika safari yote ile habari za uhai wake hufika kwa shangazi kupitia kamba. Jamii inayomkabidhi shujaa wake kwa kamba inajua thamani ya anayeisokota.

Wanyanga wana pia Nyamurairi, mungu wa moto, ambaye humhusisha na volkeno. Walikale haina volkeno. Volkeno ziko mashariki, juu ya Goma. Masimulizi ya Wanyanga yanasema kwamba wazee wao walitoka upande huo kabla ya kuingia msituni. Basi njia kati ya msitu na milima ilikanyagwa pande zote mbili tangu kale: watu wakishuka na moto wao, nyuzi zikipanda na thamani yake.

Bunduki, mpira na faranga

Katika miaka ya 1870 na 1880, misafara ya waungwana, yaani wafanyabiashara Waswahili na Waarabu, kutoka Nyangwe na Kasongo, chini ya Tippu Tip na wenzake, ilizidi kupenya kaskazini na mashariki ya Lualaba ikitafuta pembe za ndovu na watumwa. Kiswahili chetu cha Kivu na Maniema kina mizizi yake katika nyakati hizo za majonzi. Misafara ilikuja na shanga na vitambaa vya merikani, na vitu hivyo vikaanza kushindana na nyuzi za nyumbani kama vipimo vya mali.

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, aliyetoka Pangani mwishoni mwa 1893, alikutana na Rwabugiri, akafika Ziwa Kivu na kupanda Nyiragongo. Badala ya kurudi alikotoka, alielekea magharibi. Msafara wake ulipita katika msitu mnene wa nchi hizi, upande wa Lowa, mpaka ukatokea Lualaba, na kutoka hapo akafuata Mto Kongo hadi Atlantiki. Kwa wasomaji wa Ulaya ilikuwa habari ya ugunduzi. Ukweli ni kwamba alipita katika nchi ambayo watu wake walikuwa na njia, masoko na fedha, na walijua bei ya kikuku na ya mbuzi.

Baada ya hapo mambo yalifuatana haraka. Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa imekwisha kuwashinda waungwana, ikaleta kazi yake ya kulazimisha: mpira. Mpira wa porini hutoka kwenye mitambaazi ya msituni, na katika misitu ya Kongo watu waliozoea kuichuma kwa ajili ya kamba na vikapu sasa walilazimishwa kuikata ili kutoa utomvu kwa faida ya wengine. Mwaka 1908 nchi ikawa koloni la Ubelgiji. Mwaka 1910 Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza zilikubaliana mipaka ya Kivu mezani huko Brussels: Ijwi ikabaki upande wa Kongo, Kinyaga upande wa Wajerumani. Ziwa lililokuwa soko moja likapigwa mstari katikati.

Kisha ikaja kodi. Serikali ya kikoloni ilidai faranga, na faranga haikusukwa. Ilipatikana kwa kufanya kazi ya mzungu au kumuuzia mazao. Kikuku kilichokuwa kikilipa mahari na ng'ombe hakikuweza kulipa kodi ya kichwa, na fedha isiyoweza kumwepusha mtu na jela huachwa. Polepole butega zikatoka sokoni, na baadaye, kwa kuenea kwa nguo ndefu za dukani, zikatoka miguuni. Ustadi haukupotea siku moja, lakini ulipoteza mnunuzi wake.

Kondoo wa Masisi

Sasa tupande Masisi, mahali ambapo swali la sufu lilizaliwa. Vilima vya kijani ambavyo mgeni huvipiga picha leo vilikuwa kwa sehemu kubwa msitu wa mlimani. Tangu mwaka 1937 hadi 1955 Wabelgiji waliendesha mpango wa kuwahamisha watu kutoka Rwanda kuja Kivu, ambao uliwaleta makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wakipelekwa Gishari na sehemu nyingine za Masisi, kwenye nchi ya Wahunde. Misitu ikakatwa, mashamba ya walowezi yakaenea, ng'ombe wakaongezeka. Migogoro ya ardhi iliyofuata bado inatutoa damu mpaka leo, na mtu yeyote anayesema juu ya uzuri wa malisho yale anapaswa kukumbuka gharama yake.

Malisho hayo yalizaa jibini. Jibini la Masisi, gumu kiasi, la mviringo, lililofundishwa na mapadre na walowezi wa Kibelgiji, likawa mali ya wafugaji wenyewe, na kwa miaka mingi, hata katikati ya vita, liliendelea kuuzwa Goma na kusafirishwa hadi Kinshasa. Basi kwa nini maziwa yakawa jibini na kondoo asitoe zulia?

Jibu liko kwenye ngozi ya mnyama. Kondoo wa asili wa Kivu na wa sehemu kubwa ya Afrika ya kati wana nywele, hawana sufu. Kondoo kwa asili ana aina mbili za vinyweleo: vya nje, vikavu na vinene, na vya ndani, laini na vyenye mawimbi. Katika kondoo wa sufu, vya ndani vimeongezwa na binadamu kwa maelfu ya miaka ya kuchagua madume, mpaka vikafunika mwili wote na kuacha kupukutika. Katika kondoo wetu vya ndani ni vifupi na vichache, na hudondoka vyenyewe. Uzi wa sufu una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho na mawimbi yanayoshikana. Ndiyo maana vipande vya sentimita chache husokotwa kuwa uzi usio na mwisho. Nywele nyoofu za kondoo wetu huteleza na kuachana. Ukizisokota, kamba hukatika mkononi.

Wenyeji walijua hivyo. Hawakupoteza muda kumnyoa kondoo; walitumia ngozi yake. Katika utamaduni wa Rwanda na wafugaji wa Kivu wenye asili hiyo, ngozi ya kondoo iliyolainishwa ndiyo ngobyi, mbeleko ya mtoto mgongoni. Kondoo mwenyewe alitembea na ng'ombe kama mnyama wa amani, na watu wengi hawakuila nyama yake.

Waliojaribu kuilazimisha ardhi walipata somo ghali. Kule Kenya, Lord Delamere aliagiza mamia ya kondoo wa merino kutoka New Zealand kwa ajili ya shamba lake la Njoro mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi wao walikufa, kwa magonjwa na kwa majani yaliyoonekana mazuri lakini yaliyopungukiwa madini. Ilihitaji miaka ya kuwachanganya na kondoo wa Kimaasai, kuoga dawa na kuhamia malisho mengine ndipo ufugaji wa sufu ukasimama katika nyanda za juu za Kenya. Ni baada ya msingi huo ndipo mwaka 1977 kikundi cha wanawake cha kanisa la Presbyterian mjini Nanyuki kilipoweza kuanza kununua sufu ya mashamba ya jirani, kuisokota kwa mkono, kuipaka rangi za mimea na kufuma mazulia. Mazulia yao ni mazuri kwa sababu yanatoka katika ardhi yao na historia yao: kondoo wapo, wakata manyoya wapo, baridi ya Mlima Kenya ipo.

Masisi ingeweza kufika huko? Baridi inayo, malisho inayo. Lakini kundi la kondoo wa sufu linahitaji vizazi kadhaa vya uzalishaji usiokatizwa, mganga wa mifugo aliye karibu, na utulivu. Mifugo ya Masisi imeporwa mara nyingi tangu vita vya 1993, na wafugaji wamekimbia na kurudi na kukimbia tena. Dume la bei ghali halikai kwenye nchi ya namna hiyo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na hapa methali hiyo inatuelekeza mahali sahihi kabisa: tuutazame mkeka tulio nao.

Zulia lisilohitaji kondoo

Mtu anaweza kudhani kwamba zulia lenye manyoya haliwezi kutengenezwa bila sufu. Kongo yenyewe inamkanusha. Huko Kasai, Wakuba, na miongoni mwao Washoowa, wamefuma kwa karne nyingi kitambaa cha mwale chenye manyoya mafupi kama mahameli. Wanaume hufuma kitambaa cha msingi. Wanawake huchukua uzi mmoja uliopasuliwa mwembamba, huupitisha kwa sindano chini ya nyuzi za kitambaa, wakauvuta mpaka ibaki ncha fupi tu, kisha huukata upande wa pili kwa kisu kidogo. Hakuna fundo linalofungwa. Mfumo ulivyobanana ndio unaozishika ncha zile, na zikisuguliwa husimama. Nyekundu hutoka kwenye unga wa mti wanaouita tukula. Mchoro haupimwi kwa karatasi. Mfumaji huanza upande mmoja na kuubadilisha akiendelea, mistari ikivunjika na kugeuka. Mmarekani mweusi William Sheppard, mmisionari aliyefika kwenye mji mkuu wa Wakuba mwaka 1892, alikusanya vitambaa hivyo, na leo vinatunzwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani kama kazi za sanaa.

Maarifa hayo ni ya Kongo, na mwale unaota Walikale. Hapo ndipo ninapoona kazi ya msanifu wa mazulia wa eneo hili, na ninaisema kwa uzito wote. Lakini aanze kwa kuuheshimu uzi wake. Mwale si sufu. Sufu ikikanyagwa huinuka tena. Mwale ukikunjwa mara nyingi huvunjika. Sufu hustahimili unyevu. Mwale ukilala kwenye sakafu yenye maji huota ukungu. Kwa hiyo zulia la mwale linataka manyoya mafupi sana na mfumo uliobana, au lisiwe na manyoya kabisa, liwe bapa kama jamvi. Chini yake ziwekwe nyuzi ngumu zaidi: katani, au nyuzi za migomba ambayo imejaa Masisi na Walikale na ambayo baada ya kukatwa ndizi huachwa ioze. Lisifumwe kipande kimoja kikubwa, kwa kuwa uzi wenyewe umekataa. Lifumwe vipande vidogo vinavyoshonwa, na mshono uwe sehemu ya mchoro. Fundi wa butega alifanya vivyo hivyo. Alikuwa na nyuzi fupi, akabuni kitu ambacho hakihitaji uzi mrefu. Udhaifu wa malighafi akaugeuza kuwa umbo, na umbo hilo likavuka ziwa.

Gunia na kikuku

Nirudi Bisie, kwa sababu njia ile ile ya kuelekea mashariki imebeba vitu viwili tofauti sana, na tofauti hiyo ndiyo inayonisukuma kuandika. Bati limechimbwa Kivu na Maniema tangu enzi za Wabelgiji. Mwaka 1976 kampuni za zamani ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwezi Oktoba 1985 baraza la kimataifa lililokuwa likishikilia bei ya bati lilifilisika huko London, bei ikaporomoka, na kampuni ile ikaanza kufa. Uamuzi uliofanywa na watu wasiojua Walikale iko wapi ulizima migodi ya Walikale. Baada ya 2002 Bisie ikawaka: maelfu ya wachimbaji, brigedi za jeshi zikishika mashimo na kutoza njia, mpaka Rais Joseph Kabila akapiga marufuku uchimbaji wa madini Kivu zote mbili na Maniema kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011. Leo kampuni ya Alphamin inachimba hapo kwa mitambo mawe yaliyo miongoni mwa yenye bati nyingi zaidi duniani. Mwezi Machi 2025 waasi wa M23 walipoukaribia na kuuteka mji wa Walikale, kazi ikasimamishwa. Walipoondoka mwezi uliofuata, ikaanza tena. Bati hilo huunganisha saketi za simu na kompyuta kote duniani.

Sisemi watu waache mgodi warudi kwenye vikuku. Familia nyingi zimekula kutokana na Bisie, na anayechimba hana haja ya kuhubiriwa na anayeandika. Ninachosema ni kwamba jiwe linaondoka Walikale likiwa na thamani yake ndogo kuliko zote litakazowahi kuwa nazo, na kila hatua ya safari yake inaiongeza mikononi mwa mtu mwingine. Kikuku kiliondoka msituni kikiwa kimekwisha. Kazi yote, ubunifu wote, na kwa hiyo bei, vilikuwa vimekwisha kuwekwa na aliyekisuka. Ndiyo maana mtu wa msituni asiye na jeshi wala ng'ombe aliweza kukutana na mtu wa ufalme sokoni, wakazungumza bei kama watu sawa.

Mwenye nia ya kufuma mazulia katika nchi hii asianze kwa kuagiza kondoo. Aanze kwa kukaa na wazee wa Bunyakiri, Ufamandu na Walikale ambao bado wanajua mmea upi una uzi na msimu wa kuuchuma, kwa kuwa maarifa hayo yanaondoka nao na hayajaandikwa vya kutosha. Apande mwale pale unapokatwa, maana jani changa likichumwa bila kipimo mti hudhoofika. Awapeleke vijana wa Goma kutazama butega zilizosalia kwenye makumbusho na vitambaa vya Kasai, ili wajifunze jinsi mchoro unavyozaliwa kutoka kwenye kipimo cha jani. Na anapouza, auze kitu kilichokamilika. Njia ya butega ilijengwa juu ya kanuni hiyo, na ilidumu mpaka ilipovunjwa kwa mpaka na kwa kodi. Haikuvunjika kwa sababu kazi ilikuwa duni.